Hapa Ngoma Hunyamaza

Ukitoka Majengo ya Pumwani ukiteremka kuelekea mtoni, utalikuta Daraja la Sherehe limesimama na mbwembwe zake zote, na kabla hujalikanyaga utamwona mtu anakuchunga mdomo. Watu wa pale hawana mchezo na jambo hilo. Kama ni harusi, vigelegele hukatwa. Kama ni kanisa lililotoka na mabango, ngoma hunyamaza kwenye ubao wa kwanza na waumini hutawanyika, kila mmoja akatembea kivyake, huyu mbele huyu nyuma, mpaka ng'ambo. Hata wale wasukuma mikokoteni wa Gikomba, ambao matusi ndiyo salamu yao, wakifika pale hufunga midomo. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni Dirie. Dirie alikufa akilijenga daraja, na hataki kelele juu ya kichwa chake.

Jackton Ochola alikuwa amelisikia jibu hilo kwa miaka arobaini na nne. Yeye ndiye aliyelitunga.

Mwaka wa 1981 alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mchoraji ramani katika Afisi ya Madaraja, penseli sikioni na majivuno ya kutosha watu watatu. Jiji lilikuwa likijiandaa kwa sherehe kubwa, na wakubwa walitaka wageni wavuke mto kwa miguu, bendi mbele, wananchi wakipunga mikono kando. Daraja la magari lilikuwapo, tena imara, lakini nani apigwe picha ya maana kwenye daraja la magari? Kazi ya kulichora jipya akapewa yeye, na kwa miezi minne hakulala vizuri kwa furaha.

Alilichora lining'inie. Kila upande wa mto aliweka mnara wa zege uliogawanyika juu, kama mikono miwili inayopokea mtoto. Juu ya minara alipitisha kamba mbili nene za chuma, na kutoka kwenye kamba hizo akateremsha fito sabini na mbili za chuma, thelathini na sita kila upande, za kuibeba sakafu ya mbao. Mafundi waliziita mishipa. Ukingo aliutia nakshi za mkeka wa mama yake, ule wa kule Gem, na njia akaipima upana wa watu wanne wanaotembea bega kwa bega. Katika karatasi yake kila mshipa ulikuwa na unene wa kidole gumba.

Mishipa iliyofika ilikuwa na unene wa kidole cha mwisho.

Alikimbia nayo mmoja hadi kwa Kisilu, mhandisi mkuu, akauweka juu ya meza. Kisilu hakuutazama hata mara mbili. Vyuma vilivyoagizwa vingechelewa, na siku ya wageni ilikuwa haichelewi.

"Kijana, hilo ni daraja la picha," alimwambia. "Litavukwa siku moja, baadaye watapita akina mama na vikapu. Weka sahihi hapa."

Karatasi ilisema kwamba daraja limejengwa sawasawa na mchoro. Jackton alikuwa na mke mjamzito na nyumba ya kazi kule Kaloleni. Akatia sahihi. Nisiseme alilazimishwa, maana hata yeye mwenyewe hakuwahi kusema hivyo.

Wiki moja kabla ya sherehe, Dirie, mchomeleaji wa Majengo, aliteleza juu ya mnara uliolowa mvua, akaangukia mawe ya mto. Kifo chake hakikuhusiana na mishipa hata chembe. Alizikwa jioni ile ile, kazi ikaendelea asubuhi.

Kisha ikaja siku ya majaribio. Bendi ya ngoma iliingia darajani watu wanne wanne, mguu mmoja, pigo moja. Jackton alikuwa ameinama chini ya mnara, akaiona sakafu ikianza kuitikia. Watu wakitembea ovyo, uzito wao hugawanyika na mishipa hupumua. Wakikanyaga pamoja, kila hatua huisukuma sakafu zaidi ya ile iliyotangulia. Mbao ziliinuka, zikashuka, zikainuka zaidi, na mishipa ya katikati ikaanza kulia. Alitoka mbio, mikono juu, akawazuia.

Kiongozi wa bendi alifura. "Kuna nini wewe?"

Kisilu alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, akimtazama moja kwa moja. Jackton hakuthubutu kuutaja ukweli mbele yake. Kilichotoka kilikuwa kingine kabisa.

"Juzi amefia mtu hapa," alisema. "Anaitwa Dirie. Watu wa hapa wanaomba ngoma inyamaze juu ya daraja, na kila mtu atembee polepole kivyake. Kwa heshima."

Kiongozi akavua kofia. Ngoma zikanyamaza, wakavuka kimya, na siku ya sherehe wageni nao wakavuka kimya, wengine wakifuta machozi. Mdogo wake Dirie, aliyeitwa Aweys, alimshika Jackton mkono akaubusu. Tangu siku hiyo Aweys aliifanya kuwa kazi yake. Alifungua kibanda cha kahawa na kashata karibu na mnara wa Majengo, na kila msafara ulipokaribia aliinuka, akanyoosha kiganja, ngoma zikakatika. Kila Idd alimpelekea Jackton halua. Jackton aliipokea, akashukuru, akaila kwa taabu.

Uongo ule ulilishika daraja kuliko chuma. Basi akauacha ukae, ukazaa na matawi: kwamba Dirie husikiliza, kwamba bi harusi anayevua viatu atapata mtoto wa kwanza salama. Yeye mwenyewe alimbeba mjukuu wake mabegani juu ya mbao zile akamwambia, "Nyamaza, Amolo. Dirie amelala." Mtoto alijiziba mdomo kwa mikono miwili mpaka ng'ambo.

Amolo huyo sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Waliishi mtaa wa Komarock, Jackton na bintiye Carolyne, mama yake Amolo, na Amolo mwenyewe, na Jumapili msichana aliongoza ngoma katika Kanisa la Hema la Shangwe, kule karibu na mto. Ngoma kubwa ilikuwa yake. Alipoipiga, wapigaji wengine thelathini na tisa walimfuata yeye, si mchungaji. Jackton hakuwa muumini wa kanisa hilo, lakini alikuwa akienda kukaa nyuma kabisa amtazame tu, na hakuna kitu kingine duniani kilichompa raha.

Mwaka huo Afisi ya Madaraja ikalipaka daraja rangi mpya, buluu na nyeupe, na kutangaza kwamba litafunguliwa upya siku ya Jumamosi kwa sherehe. Hema la Shangwe likaalikwa kutangulia na ngoma. Mchungaji wao, Pasta Austine, kijana mwenye sauti ya kuvunja vioo, akayapata mahubiri yake hapo.

"Ni nani aliyetufungisha agano na maiti?" aliuliza madhabahuni. "Tunampigia Mungu ngoma njia nzima, tukifika pale tunamnyamazia mfu! Jumamosi hatunyamazi. Tutapiga kuliko tulivyowahi kupiga, na tutakanyaga pamoja, mguu mmoja, mpaka hiyo nira ivunjike!"

Kanisa lililipuka kwa amina. Kule nyuma, Jackton alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili.

Jumatatu asubuhi alikuwa katika Afisi ya Madaraja. Ofisa aliyempokea alikuwa mpole, tena mwenye adabu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kutafuta faili, akarudi nalo.

"Mzee, mchoro unasema kidole gumba," alisema. "Na hapa imeandikwa daraja limejengwa sawa na mchoro. Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa mzee, nikuamini leo ama nikuamini wakati ule?"

"Nenda ukapime! Chukua rula, nenda ukapime!"

"Tumeshapaka rangi, mzee wangu. Wageni wanakuja Jumamosi. Tukimaliza sherehe tutaangalia."

Ikabaki njia moja. Jumatano jioni kulikuwa na ibada ya maandalizi, na Jackton akaamua atasimama aseme yote. Angeweza kumwambia Amolo kwanza, nyumbani, wakinywa chai. Siku mbili nzima alimzunguka msichana akitafuta neno la kuanzia, na kila alipomtazama aliona kale katoto kalikojiziba mdomo. Aibu ilimshinda. Aliona ni heri awaambie watu mia tatu kuliko kumwambia mmoja.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu aliyeishi maisha yake juu ya karatasi. Mchoraji akitaka kusahihisha mstari hufuta kwanza, ndipo achore. Jackton alipanga maneno yake vivyo hivyo: aufute uongo kwanza, kisha auchore ukweli mahali pake.

Pasta Austine alimpa kipaza sauti kwa furaha, akidhani ni ushuhuda.

"Hakuna mzimu pale darajani," Jackton alisema. "Dirie alikuwa mtu mwema, amezikwa, hana habari na ngoma zenu. Hadithi ile niliitunga mimi. Ilikuwa uongo. Na sababu ya..."

Hakufika kwenye sababu. Kanisa zima lilisimama. Kinanda kikaingia, ngoma zikaingia, akina mama wakapiga vigelegele. Pasta alimkumbatia akakichukua kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe! Mzee amekiri! Nira imevunjika!" Jackton akapiga kelele, "Vyuma! Vyuma ni vyembamba!" lakini machozi yalikuwa yakimtoka, na wazee wa kanisa wakamwekea mikono kichwani wakimwombea, wakidhani ameguswa na Roho. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na kadiri alivyopiga ndivyo walivyozidi kushangilia.

Nje ya kanisa Amolo alimrukia shingoni akicheka.

"Kwara!" alisema, maana ndivyo alivyomwita babu yake, kwa Kijaluo. "Manze, kumbe hakuna Dirie! Na vile nilikuwa nimeogopa. Nikuambie siri? Mimi na wenzangu tulikuwa tumekubaliana, tukifika pale tunanyamaza tu. Pasta apige makelele peke yake. Nani anataka kucheza na Dirie? Lakini sasa, aah, sina woga. Nitaipiga hiyo ngoma mpaka watu wa kule mtaani Pipeline waskie!"

Jackton akamshika mabega. Daraja lilikuwa salama. Mpaka saa moja iliyopita lilikuwa salama mikononi mwa msichana huyu, na yeye ndiye aliyemnyang'anya.

"Amolo, nisikilize. Mishipa ya daraja ni myembamba. Mkikanyaga pamoja litaanguka. Ndiyo maana nilidanganya."

Amolo alimtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mzee anayeanza kuchanganya mambo. "Kwara, daraja limebeba watu tangu mum azaliwe. Jana ilikuwa Dirie, leo ni chuma, kesho itakuwa nini? Pumzika bana. Umefanya kitu poa sana leo."

Na Aweys naye alikuja Komarock siku iliyofuata. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni, kofia yake ya kufuma mkononi, mzee naye siku hizi.

"Jackton, miaka yote hiyo nikidhani unamheshimu ndugu yangu," alisema. "Nimekaa pale juani na mvuani nikinyoosha mkono. Nilikuwa nikilinda nini?"

"Ulikuwa ukilinda watu, Aweys. Wallahi ulikuwa ukilinda watu. Njoo Jumamosi usimame pale kama kawaida yako, nakuomba."

"Jumamosi nitakuwa msikitini," Aweys alisema, akavaa kofia yake akaenda.

Siku ya Jumamosi Jackton alifika darajani saa kumi na mbili asubuhi, akaketi katikati ya ubao wa kwanza. Saa nne askari wa sherehe walimwinua kwa upole wakampeleka kwenye hema la wageni, wakamkalisha kati ya wawili waliomshika mikono. Mtu mmoja alisema apewe maji. Mwingine akaeleza kwamba ndiye mchoraji, basi wageni wakampigia makofi.

Ngoma zilisikika kutoka Majengo kabla hazijaonekana. Amolo alikuwa mbele, gauni jeupe, ngoma kubwa kifuani. Kibanda cha Aweys kilikuwa kimefungwa. Amolo alipofika chini ya mnara alimtafuta babu yake kwa macho, akamwona, akatabasamu, akainua fimbo juu zaidi. Ubao wa kwanza ukalia chini ya miguu yake. Nyuma yake waliingia wanne wanne, mguu mmoja.

Jackton hakupiga kelele tena. Kwa ngoma zile, nani angemsikia? Aliiona sakafu ikiitikia kama ilivyoitikia miaka ile. Alijua hata ni mshipa upi utaanza, wa kumi na tisa upande wa kushoto, na akaukodolea macho akiomba awe amekosea. Ulikatika. Wa ishirini ukafuata, kisha ikawa kama mtu anayerarua shuka, na upande mzima ukaachia. Fimbo ya Amolo ilikuwa bado juu.

Mto ule si wa kina. Ungekuwa na kina, labda. Walitolewa watu tisa ambao hawakuinuka tena, na Amolo alikuwa wa tatu kutolewa. Alizikwa kule Gem, nyumbani kwa babu yake, na Jackton alirusha udongo wake akiwa ameshikiliwa, haoni anaporusha.

Afisi ya Madaraja ilichunguza na kusema idadi ya watu ilizidi. Mchoro ulikuwa sawa, karatasi zilikuwa na sahihi. Pasta Austine alihamishia kanisa mtaa mwingine, akasema ni vita vya kiroho. Na watu wa Majengo walisema walichokijua tangu mwanzo: Dirie ametukanwa mbele ya kanisa zima na mzee aliyemkana, na jibu lake ndilo hilo. Walipomwona Jackton walivuka barabara. Nyumbani, Carolyne alimwekea chakula mezani akageuka. Mara moja tu alisema naye, akiwa anaosha vyombo, bila kumtazama.

"Ungetuachia tu Dirie wetu, Baba."

Ilikuwa kweli.

Miezi minne baadaye daraja lilikuwa wazi. Watu walilihitaji, wangefanyaje? Afisi iliagiza sakafu mpya ikafungwa kwa mishipa ile ile, iliyookotwa mtoni ikanyooshwa na kuchomelewa. Jackton aliipima mwenyewe kwa kidole. Aliandika barua tatu. Ya tatu ilijibiwa kwa nakala ya sahihi yake ya mwaka wa 1981.

Aweys hakufungua kibanda tena. Kwa hiyo kila asubuhi Jackton alishuka mpaka mtoni, akaketi kwenye jiwe pale Aweys alipokuwa akiketi. Wenyeji walivuka kimya, hao hawakuwa na shida. Aliowaogopa ni wageni.

Siku moja mchana lilikuja kundi la wasichana wa shule, skauti, kama thelathini, wakiimba na kupiga mguu, kushoto, kulia. Mwalimu wao, aliyejitambulisha baadaye kuwa Nerima, alikuwa mgeni mtaani. Jackton aliinuka kwenye jiwe, akanyoosha kiganja.

"Kuna nini, mzee?" mwalimu aliuliza.

Ukweli ulikuwa tayari mdomoni. Vyuma ni vyembamba, mwalimu, tena vimeungwa. Alikuwa ameapa juu ya kaburi la Amolo kwamba hatasema uongo mwingine maisha yake. Lakini aliyaona macho ya yule mwanamke yakilipima koti lake chafu, na wasichana nyuma yake wakiendelea kupiga mguu papo hapo, kwa mpigo mmoja, wakingoja kuruhusiwa.

"Hapa kuna msichana anaitwa Amolo," Jackton alisema. "Alikuwa mpiga ngoma. Alianguka hapa. Anaomba mtu akipita juu yake asiimbe, asipige mguu. Kila mmoja atembee polepole, kivyake."

Mwalimu Nerima alivua kofia yake ya skauti. Wasichana wakanyamaza. Mmoja mdogo, wa mstari wa mbele, akamtazama Jackton kwa macho makubwa.

"Na huwa anasikia kweli?"

"Anasikia," Jackton alisema.

Msichana akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akaingia darajani. Wenzake wakamfuata, huyu mbele huyu nyuma. Jackton alisimama akiitazama mishipa mpaka mtoto wa mwisho alipokanyaga udongo wa ng'ambo. Kisha akarudi kwenye jiwe, akaketi kungoja wengine.